Mgeni nilimfuta, Mkongwe nikampa nyota

Barua

Kwako mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi watano wa kujitolea katika jumuiya ya mtandaoni ya watu wanaotengeneza vifaa vya umeme. Wanachama huandika miongozo: kifaa hiki kikifa fungua hivi, pima hapa, badilisha kile. Sisi watano tunapitia michango hiyo. Tunapitisha, tunarudisha, tunafuta, na ikibidi tunamfungia mtu akaunti. Hakuna anayelipwa.

Utaratibu wetu uko hivi. Akaunti ambayo haijafikisha siku 30, kila inachoandika kinaingia kwanza kwenye foleni na hakionekani mpaka mmoja wetu akipitishe. Akaunti ya zamani ikiandika, mchango unapanda papo hapo, nasi tunauangalia pale tu mtu anaporipoti. Kanuni tunazo 14. Inayoninyima usingizi ni ya nne: mwongozo wa kifaa chochote kinachochomekwa ukutani lazima uwe na hatua ya kuondoa chaji kwenye kapasita kubwa (kipande kinachohifadhi chaji ya umeme) na kuipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kabla msomaji hajaambiwa aguse bodi.

Mwezi uliopita mwanachama mpya, nimwite Mgeni, alileta mwongozo wa kutengeneza pawasaplai ya televisheni, yaani sehemu inayoilisha umeme. Picha safi, maelezo yametulia. Hatua ya 3: toa plagi, fungua skrubu nne. Hatua ya 4: nyanyua bodi. Kapasita haikutajwa popote. Nikabonyeza kufuta, na mfumo ukampelekea sentensi yetu ya siku zote: “Mchango wako umeondolewa kwa kukiuka kanuni za jumuiya.” Kesho yake akauleta tena, kaongeza picha. Nikafuta. Siku mbili baadaye akauleta tena, safari hii kaweka onyo kule juu: “Kuwa mwangalifu na umeme.” Nikafuta, na nikamfungia siku 7 kwa kosa la kurudia mchango uliokataliwa.

Kifungo kilipoisha akauliza hadharani, kwa adabu kabisa: mbona mwongozo wa mwanachama wetu wa zamani, nimwite Mkongwe, kuhusu pawasaplai ya aina hiyo hiyo nao hauna hatua ya kapasita, na uko hewani mwaka wa pili sasa? Nikaenda kuangalia. Kweli hauna. Kibaya zaidi, una nyota ya “Mwongozo Bora”, na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha aliyeipachika nyota hiyo ni mimi. Kabla sijapata la kusema, msimamizi mwenzangu akafunga mjadala na kulificha swali. Sababu aliyoandika: “Kubishana na wasimamizi.”

Mkongwe si mtu wa hivi hivi kwetu. Ana miongozo zaidi ya 300, anajibu maswali ya watu mpaka usiku wa manane, na mimi mwenyewe kunishika mkono alinishika yeye. Nilipomgusia jambo hili kwa mbali akajibu: “Mkianza kunipekua kama mwanafunzi, naondoka na miongozo yangu yote.” Wenzangu nao wamegawanyika. Aliyefunga mjadala na mwingine mmoja wanasema yaishe, tusifukue. Wa tatu anashauri tuichomeke ile hatua usiku kwenye mwongozo wa Mkongwe, asubuhi hakuna kesi. Wa nne hajatamka neno.

Nikakaa nikahesabu michango 50 ya mwisho niliyoifuta mimi. 41 ni ya akaunti mpya. Nikaona aibu. Na Mgeni ameniandikia faraghani mstari mmoja tu: “Naomba kujua tofauti ni ipi.” Leo siku ya 9, sijajibu.

Je, nimrudishie mwongozo wake? Nifute na wa Mkongwe ili ngoma iwe droo? Niombe radhi mbele ya wote? Au niachie ngazi, maana inaonekana upendeleo umeshanikaa?

Msimamizi Asiyelala

Jibu

Ndugu yangu Msimamizi, asante kwa barua iliyonyooka. Watu wengi wanaoandika kuhusu kesi za namna hii huanza na jinsi walivyoonewa. Wewe umeanza na ulichokifanya kwa mkono wako, tena umekwenda kuchungulia kumbukumbu mwenyewe bila kusukumwa.

Nikikusoma vizuri, umebeba mizigo mitatu na umeifunga kwenye furushi moja. Wa kwanza ni miongozo miwili yenye kasoro ile ile, mmoja umefutwa na mwingine una nyota. Wa pili ni jinsi Mgeni alivyotendewa njiani: kufutiwa mara tatu, kufungiwa, kisha swali lake kufichwa. Wa tatu ni wewe na Mkongwe, deni la hisani na woga wa kumpoteza. Ukiifungua mmoja mmoja utaona hailingani uzito, na wala haitatuliwi kwa kitufe kimoja.

Niruhusu nianze na ile namba, maana naona ndiyo iliyokuumiza. 41 kati ya 50. Umeisoma kama ushahidi kwamba unawaonea wapya. Inaweza kuwa hivyo, lakini namba hiyo peke yake haiwezi kusema. Umeniambia mwenyewe kwamba mchango wa mgeni hukaguliwa wote, kila mara, ilhali wa mwanachama wa zamani huangaliwa akiripotiwa tu. Anayepekuliwa mfuko kila siku mlangoni ndiye atakayekutwa na kitu. Hata kama ungekuwa na roho nyeupe kama pamba, utaratibu huo ungekupa hesabu inayofanana na hiyo. Zaidi ya hapo, watu wapya hukosea zaidi kwa sababu kanuni 14 hawajazizoea. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ni ya haki, sehemu ni ya utaratibu, na sehemu huenda ni ya kwako. Kiasi gani ni cha nani hakijulikani kwa kuhesabu michango iliyofutwa. Ili kujua, inabidi uhesabu pia iliyopita, na uipitie upya bila kuona jina.

Zoezi hilo si gumu. Chukua michango 60 kwenye kumbukumbu, 30 ya akaunti mpya na 30 ya zamani, kwa kuruka: kila wa kumi, au kila wa ishirini, usichague unayoikumbuka. Mtu asiyekuwa mmoja wa wakaguzi wawili ainakili bila jina, bila tarehe, bila nyota wala beji. Wasimamizi wawili waipitie kila mmoja kivyake na kuandika moja kati ya mawili: inapita, au haipiti na ni kanuni ya ngapi. Msiongee mpaka wote mmalize. Mitego miwili iko hapa. Wa kwanza ni kwamba mtindo huvujisha jina. Kama Mkongwe hupiga picha zake zote juu ya mkeka mmoja wa rangi moja, umemtambua kabla hujasoma. Katika nakala za zoezi, kata picha zibaki na bodi tupu. Wa pili ni kumbukumbu yako mwenyewe: michango ya wiki hizi mbili tatu iache, bado unaikumbuka uamuzi wake.

Mkilinganisha majibu, msifurahie asilimia haraka. Tuseme mmekubaliana katika 48 kati ya 60. Hiyo ni asilimia 80, inasikika vizuri. Lakini kama kila mmoja wenu alikataa michango 20 na kupitisha 40, basi hata mngekuwa mnarusha sarafu zilizoelemea upande huo, mngekubaliana katika kama 33 kwa bahati tu. Mliyoongeza juu ya bahati ni 15 hivi, na nafasi iliyokuwepo juu ya bahati ni 27 hivi. Ukigawanya unapata 0.55. Kipimo hicho kinaitwa kappa, kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, na 0.55 si kitu cha kutangazia ushindi. Michango 60 haitathibitisha upendeleo wa mtu mmoja mmoja, ni michache mno kwa hilo. Itakachokuonyesha ni kanuni zipi kila mmoja wenu anazisoma kivyake. Mara nyingi huwa mbili au tatu tu, na ni zile zilizoandikwa kwa maneno kama “isiyofaa” au “duni”.

Ya nne si mojawapo ya hizo. Ya nne iko wazi. Na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu nadhani umeuliza swali la usawa kati ya Mgeni na Mkongwe, ukamsahau mtu wa tatu: aliyekaa na bisibisi mkononi akisoma.

Unaijua sababu ya kanuni hiyo kuliko mimi, ila acha niiweke mezani. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita ya kuingilia hujaa hadi volti 325 hivi, kwa kuwa hushika kilele cha wimbi la umeme. Kapasita ya maikrofaradi 220 ikiwa na volti hizo imebeba zaidi ya jouli 11. Kifaa kinachofanya kazi ukikichomoa, saketi yake huendelea kunywa ile chaji kwa muda mfupi na kuimaliza. Kilichokufa ndicho cha kuogopa: pawasaplai imeacha kufanya kazi, hakuna kinachoinywa chaji, na rezista (kizuizi cha umeme) ya kuimwaga, kama ipo, huenda ndiyo iliyoungua. Na miongozo yenu yote, kwa asili yake, inahusu vifaa vilivyokufa. Mkongwe akifungua televisheni, mkono wake unaijua hiyo kapasita bila kuambiwa. Hakuandika hatua hiyo pengine kwa sababu kwake si hatua, ni mazoea, kama dereva asivyoandika “nikafumbua macho”. Ulipompa nyota ulikuwa unapima kama *yeye* anajua. Kanuni inauliza kama *msomaji* atajua. Ndiyo maana kasoro ile ile, machoni pako, kwa Mgeni ilikuwa hatari na kwa Mkongwe ilikuwa mkato wa fundi. Sidhani ulidanganya. Ulisoma jina kwanza, mwongozo baadaye.

Nisingeita hilo upendeleo bila kusita, wala nisingekuambia silo. Ila linatibika kwa urahisi zaidi kuliko upendeleo wa moyo: ficha jina la mwandishi kwenye ukurasa wa ukaguzi mpaka uamuzi uandikwe.

Sasa kuhusu “ngoma iwe droo”. Kufuta wa Mkongwe ili ulingane na wa Mgeni kunampa Mgeni nini? Yeye hakuomba mwenzake afutwe, ameomba kujua tofauti. Na kumrudishia Mgeni wake ulivyo, ili ulingane na wa Mkongwe, kunaweka hewani miongozo miwili yenye shimo badala ya mmoja. Adhabu sawa si lazima iwe haki sawa. Njia iliyo katikati ipo, na bahati nzuri ni ya kiufundi tu: kuficha badala ya kufuta. Mwongozo wa Mkongwe ungewekewa ilani juu kabisa, hatua za kufungua kifaa na kuendelea zikafichwa kwa muda, nyota ikavuliwa mpaka marekebisho yapite, historia na viungo vikabaki mahali pake. Wa Mgeni ukarudi kwenye foleni, hali ile ile, ilani ile ile. Wote wawili wapewe maneno yale yale na muda ule ule, tuseme siku 7, wa kuongeza kitu kama hiki:

“Chomoa plagi. Usiguse bodi. Pima ncha mbili za kapasita kubwa kwa multimita iliyowekwa volti za DC. Kama bado kuna chaji, gusisha rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa, kwa sekunde 5. Pima tena. Usitumie bisibisi kuunganisha ncha.”

Sentensi sita. Nakuonyesha hivyo kwa sababu hapo ndipo ninapoona kosa zito zaidi katika barua yako, na wala si lile la nyota. Mgeni alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza hakujua kanuni. Mara ya pili akadhani tatizo ni picha. Mara ya tatu akabahatisha karibu kabisa, akaweka onyo la jumla. Hakuwa mkaidi, alikuwa anacheza kitendawili na ninyi mkakataa kutegua. Kisha mkamfungia kwa kubahatisha. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mtu huvuka mstari akitengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, na kwa kawaida huonywa kabla ya kuzuiwa. Mgeni alileta matoleo matatu tofauti kwa siku kadhaa, kila moja likiwa na jitihada mpya. Kanuni yenu ya “kurudia mchango uliokataliwa” bila shaka iliwalenga watu wa kubandika tangazo lile lile mara kumi. Ilimnasa asiyekusudiwa.

Taarifa ya kufuta inahitaji vitu vinne: sehemu gani ya mchango, kanuni ya ngapi, nini kikifanyika itapita, na mtu alalamike wapi akiona kaonewa. Si wazo langu. Kanuni za Santa Clara za mwaka 2018, zilizoandikwa na mashirika ya haki na wataalamu, zilidai mambo matatu kutoka kwa majukwaa: yatangaze idadi ya vinavyoondolewa, yampe mhusika taarifa yenye sababu, na yampe rufaa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inataka sababu zilizo wazi na mahususi kwa kila kinachoondolewa, na majukwaa yasiyo madogo yapokee malalamiko kwa angalau miezi 6 baada ya uamuzi. Sisemi sheria hiyo inawahusu, sijui mko wapi. Nasema wote hao walikuta kero ile ile ya Mgeni. Majibu ya vitufe yanaweza kubaki vitufe, msijichoshe kuandika barua kila mara. Tengenezeni tu kitufe kimoja kwa kila kanuni, chenye maneno yake kamili. Vitufe 14, jioni moja ya kazi.

Swali lake kufichwa ni jambo jingine, na hapa nitauliza badala ya kusema. Aliyelificha alikuwa analinda nini? Huenda aliona mjadala utageuka kumshambulia Mkongwe, na hofu hiyo si ya kijinga. Mijadala ya namna hiyo huwaka haraka. Lakini sababu iliyoandikwa ni “kubishana na wasimamizi”, na mshitakiwa, mwendesha mashitaka na hakimu wakawa watu wa nyumba moja. Waswahili wana msemo, kesi ya nyani hakimu ngedere. Jumuiya kongwe zilishajifunza kujifunga mikono hapo. Kwenye Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, mtu aliyepima maoni ya wengine katika mjadala akaja kuchangia mjadala huo huo, alama alizotoa hufutika. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, msimamizi aliye sehemu ya mgogoro hatakiwi kutumia vifaa vya usimamizi katika mgogoro huo, isipokuwa kwa mambo yaliyo wazi kabisa. Ninyi ni watano. Wewe ulifuta na ndiye mtoa nyota. Mwenzako alifunga mjadala. Wawili wengine wameshatoa msimamo kabla ya kusikiliza. Anabaki yule aliyenyamaza. Kimya chake umekisoma kama kutojali. Inawezekana ndiye pekee ambaye bado anaweza kulitazama faili hili kwa macho mapya. Ungeweza kumwomba apokee rufaa, pamoja na wanachama wawili wazoefu wasio wasimamizi, kwa kesi hii tu. Hatari yake ni kwamba akiamua tofauti na unavyotaka, utalazimika kukubali. Jipime kwanza kama uko tayari, maana kuunda rufaa halafu kuipindua ni vibaya kuliko kutokuwa nayo.

Wazo la kuchomeka hatua usiku nimelifikiria kwa uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu lina jema moja: msomaji anakuwa salama leo. Usalama wa msomaji haufai kungoja kikao. Lakini usalama na usiri ni vitu viwili. Ilani inaweza kuwekwa leo, mchana kweupe, na maneno “inafanyiwa marekebisho ya usalama” yakatosha bila kumtaja mtu. Mkifanya kimyakimya, historia ya mabadiliko itabaki na saa na jina la aliyefanya, na Mgeni ambaye ameshausoma mwongozo ule kwa makini ataona. Hapo swali lake halitakuwa tena “tofauti ni ipi”. Isitoshe, maneno mtakayoyachomeka yatasomeka kama ya Mkongwe. Hiyo ni kumwekea mtu maneno mdomoni, hata kama ni maneno mazuri.

Na Mkongwe mwenyewe. Tishio la kuondoka na miongozo 300 linatisha, nakubali. Kabla ya kulipa uzito wote, soma leseni mliyomfanya akubali wakati wa kujiunga. Kama ni mojawapo ya leseni za Creative Commons, zile za kuruhusu wengine watumie kazi yako, haibatilishwi: kilichokwisha kutolewa chini yake kinaweza kubaki, jina lake likitajwa, au likiondolewa kama mwenyewe ataomba. Kama masharti yenu yanasema mchango unabaki mali ya mwandishi na anaweza kuuondoa, basi tishio ni la kweli, na ni vizuri ujue kabla hamjaongea. Lakini mnachoweza kumpoteza hasa ni yale majibu ya usiku wa manane, na hayo hayana leseni.

Najiuliza pia kama alichokikataa ni marekebisho au ni kupekuliwa “kama mwanafunzi”. Ulimgusia kwa mbali, unasema. Fundi wa miaka mingi akiguswa kwa mbali husikia dharau mahali ambapo hakuna. Pengine angepokea vizuri zaidi jambo lililonyooka: mwongozo huu, kapasita haijatajwa, mimi nilipitiwa nikaupa nyota, naomba tuurekebishe kabla mtu hajaumia. Ukianza na kosa lako unamwachia nafasi ya kurekebisha lake bila kuinama. Anaweza kukasirika vilevile. Wako watu ambao heshima kwao ni kutoguswa, na kama ni mmoja wao, hutalijua hilo kwa kuzunguka. Kuna uwezekano mwingine nautaja kwa sauti ndogo: mwombe Mkongwe huyo huyo aandike kiolezo cha hatua ya kapasita kitakachotumika kwenye miongozo yote. Hakuna atakayeiandika vizuri kuliko yeye. Ila fanya hivyo baada ya mwongozo wake kuwekewa ilani. Ukitanguliza kiolezo kitaonekana ni rushwa.

Radhi ya hadharani ina pande mbili. Ikieleza utaratibu, kwamba taarifa zetu hazikueleweka, kwamba mtu alifungiwa kwa kosa lisilokuwa kosa, kwamba swali halali lilifichwa na sasa limefunguliwa, inasafisha rekodi ya Mgeni pale pale ilipochafuliwa. Ikigeuka kuungama kwako na kumtaja Mkongwe, itakupa wewe nafuu na kuwagawa wengine kambi mbili. Na kuna kitu kidogo ambacho watu husahau: futa kile kifungo cha siku 7 kwenye historia ya akaunti yake, au kiandikie “kilitolewa kimakosa”. Msimamizi mwingine akikiona mwakani atakihesabu kama kosa la kwanza.

Lile la kuachia ngazi nimeliacha mwisho. Huenda umechoka, na kazi ya kujitolea ina haki ya kuachwa bila maelezo. Lakini angalia nani atabaki: wawili wanaotaka yaishe, mmoja wa usiku, mmoja kimya. Wewe ndiye uliyehesabu. Unaweza pia kupumzika kidogo tu, yaani kujitoa kwenye foleni ya wapya kwa mwezi mmoja, mwenzako akaishika, wewe ukashughulika na vitufe 14 na lile zoezi la michango 60.

Wakati unatafakari hayo yote, kuna jibu moja ambalo halihitaji kikao wala kura. Ningeliandika hivi, wewe ulibadilishe liwe lako:

“Ndugu, samahani kwa siku tisa za ukimya. Umeuliza tofauti ni ipi. Kwenye kasoro yenyewe hakuna tofauti, miongozo yote miwili inakosa hatua ya kuondoa chaji kwenye kapasita, kanuni ya 4. Sikukuambia hivyo mara zote tatu, na nilipaswa kukuambia. Kukufungia kulikuwa kosa langu. Nimeomba msimamizi mwingine, si mimi, alipitie suala lote na kukujibu kabla ya Ijumaa. Mwongozo wako haujapotea, uko kwenye foleni, na nimekuwekea hapa chini maneno ya hatua inayokosekana.”

Hakikisha tu, kabla hujatuma, kwamba huyo msimamizi mwingine ameshakubali na kwamba Ijumaa anaiweza. Na kama wenzako watasema usijibu mpaka mkubaliane, waeleze kwamba ujumbe ule ulitumwa kwenye sanduku lako la faragha, na hakuna mwingine kati yenu anayeweza kuufungua.